Anti, mwanangu ananiuliza nani muongo: bibi wa Petersburg au shangazi wa Riga?

Shikamoo Anti,

Naomba usitaje jina langu wala mkoa niliotoka manake huku Watanzania tunajuana wote. Niko Saint Petersburg miaka mingi sasa, nilikuja na skolashipu, nikasoma, nikaolewa na Mrusi niliyekutana nae chuoni, tuna mtoto mmoja wa kiume ana miaka 11. Ndoa yangu sio mbaya nisikudanganye, mume wangu mpole na ukweni walinipokea kuliko nilivyotegemea. Shida yangu ni vita. Sio hii ya sasa peke yake, ni ile ya Hitla, maana huku inaongelewa utadhani imeisha juzi.

Nikueleze familia ilivyo. Bibi yake mume wangu yupo hai, anagonga 90, alikuwa na miaka sita Wajerumani walipouzingira huu mji, enzi hizo ukiitwa Leningrad. Mdogo wake alikufa na njaa, mama yake akafuata, baba yake alienda vitani hakurudi. Mpaka leo yule bibi haachi makombo ya mkate mezani, anayaokota kwa kidole anakula, na ole wako utupe kipande. Nampenda sana Anti, yeye ndie aliyenilelea mtoto niliporudi kazini na Kirusi changu cha nyumbani chote amenifundisha yeye.

Sasa mume wangu ana dada yake, wifi yangu, aliolewa Riga kule Latvia na Mlatvia. Mume wake huyo nae ana bibi yake, na huyo bibi alichukuliwa na watu wa Stalin usiku wa tarehe 14 Juni 1941, mtoto mdogo, yeye na mama yake wakapakiwa kwenye behewa la mizigo mpaka Siberia, baba yake akatengwa nao hukohuko stesheni na hawakumwona tena. Wifi anasema kwenye ile nyumba ukitaja neno ukombozi ni kama umetukana.

Zamani haya mambo yalikuwa yanapita. Wifi alikuwa anakuja na mwanae kila kiangazi, watoto wanacheza, wakubwa wanapika, kila mtu anameza yake. Toka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, mambo yakabadilika. Sasa Mei 9 iliyopita, Siku ya Ushindi ya huku, tuko mezani, wifi yuko kwenye vidio kolo, baba mkwe kanyanyua glasi akasema babu zetu waliwapiga mafashisti na leo vijana wetu wanamalizia kazi. Wifi akauliza mafashisti gani baba, hao wa kwenye maghorofa ya Kharkiv kule Ukraine? Baba mkwe akamwambia bila sisi huyo mumeo asingezaliwa. Wifi akajibu mlikuja kutukomboa mkakaa miaka hamsini, mgeni gani huyo. Simu ikakatwa, usiku uleule kalefti grupu la familia na mpaka leo hawaongei. Bibi anauliza kila wiki mbona mjukuu wangu hapigi, tunamwambia mtandao mbovu.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto. Shuleni kwao wanaandaa Siku ya Ushindi, kapewa hotuba asome, kichwa chake Babu zangu waliikomboa Ulaya, na kwenye maandamano atabeba picha ya yule babu aliyefia vitani. Akampigia binamu yake wa Riga kumringishia, kumbe bado huwa wanacheza gemu pamoja. Yule mtoto akamwambia nyinyi hamkukomboa mtu, mliteka nchi yetu mkawapeleka watu Siberia. Mwanangu akaja jikoni analia, mama nani muongo, bibi au shangazi?

Nilimwambia akalale. Sikuwa na jibu.

Mume wangu anasema we mke wangu kaa upande wetu. Wifi kaniandikia, wewe Mwafrika unajua kutawaliwa ni nini, wewe ndio ulitakiwa unielewe kabla ya wote. Na baba mkwe nae ananiambia wewe Mwafrika unajua nani aliwasaidia kudai uhuru wenu. Yaani kila mtu ananivuta kwa ngozi yangu. Mimi babu yangu mzaa baba alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza, alipigana Bama (Burma) dhidi ya Wajapani, akarudi na koti na kikohozi, hakuna aliyewahi kuandamana na picha yake, kwahiyo hata hiyo fahari yao wakati mwingine naionea wivu, wakati mwingine inanitisha.

Mtoto asome hiyo hotuba au nimtoe? Nimwambie nini? Na hili la wifi niliingilie au nikae kimya kama mgeni?

Mke wa Ugenini

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze kwa kukwambia nilipokaa mimi ili unisome ukijua. Miaka ya 80 nilisoma Kharkiv, wakati ule Ukraine bado ni Umoja wa Kisovieti, na Mei 9 walimu wetu wazee walikuwa wanakuja na medali kifuani, wanakunywa, wanaimba, wengine wanalia waziwazi barabarani. Huo mji leo unapigwa makombora na nchi ya mume wako. Kwahiyo kwenye ile sentensi ya baba mkwe kuhusu kumalizia kazi sina uwezo wa kujifanya sina hisia, naiona ni sentensi mbaya. Lakini hujaniuliza habari za baba mkwe, umeniuliza habari za mtoto, na nikiliacha hilo la leo lifunike yote nitakuwa nakukwepa.

Nilivyokuelewa, umekaa katikati ya bibi wawili. Mmoja unamwosha miguu, mwingine hujawahi kumwona ila umezisikia habari zake kwa wifi. Watu wanataka uchague mmoja, na mtoto kaliuliza swali kwa namna hiyohiyo ya wakubwa: nani muongo. Mimi naomba tulitazame hilo swali kwanza kabla ya kulijibu, maana mbona hakuna bibi hata mmoja aliyesema uongo?

Bibi wa Petersburg. Mji ulizingirwa kuanzia Septemba 8, 1941 mpaka Januari 27, 1944, siku 872. Kuanzia Novemba 20 mpaka Krismasi ya 1941 mtoto kama yeye alikuwa anapewa gramu 125 za mkate kwa siku, na huo mkate nusu yake unga wa kweli, nusu vitu vya kujazia. Ukienda makaburi ya Piskaryovskoye, ambayo naamini umeshapelekwa, pale chini wamelala karibu watu nusu milioni, wengi wao raia, kwenye makaburi ya pamoja yasiyo na majina, jiwe lina mwaka tu. Haikuwa bahati mbaya, Hitla alitaka mji ufe na njaa. Hayo makombo anayookota bibi, usiyaite siasa.

Bibi wa Riga. Mwezi Agosti 1939 Stalin na Hitla walisaini mkataba, mawaziri wao wa nje Molotov na Ribbentrop ndio walioweka sahihi, na nyuma yake kulikuwa na karatasi ya siri ya kugawana nchi za watu. Latvia ikaangukia kwa Stalin. Juni 17, 1940 majeshi yake yakaingia, na mwaka uliofuata, usiku mmoja wa Juni 14, wakabebwa watu zaidi ya elfu 15 kutoka nchi ile ndogo, watoto ndani yake. Angalia tarehe hizo vizuri mwanangu. Juni 14 bibi wa Riga anapakiwa kwenye behewa, Juni 22 Hitla anaivamia Urusi, Septemba bibi wako anafungiwa njaani. Watoto wawili, kiangazi kimoja, wauaji wawili tofauti. Na mwaka 1949 wakabebwa wengine zaidi ya elfu 40, safari hii vita imeshaisha, hakuna hata kisingizio cha vita.

Kwahiyo mtoto ukimwambia bibi yako hadanganyi na bibi wa binamu yako hadanganyi, utakuwa hujamkwepa, utakuwa umemjibu. Ila ujue ataendelea kuuliza, manake ana miaka 11, atakwambia sasa mbona tulikomboa halafu tena tukateka? Hapo ndipo penyewe. Jeshi lilelile la Kisovieti. Ndilo lililofungua geti la Auschwitz, kambi ya mauaji ya Manazi, Januari 27, 1945, ndilo lililovunja mgongo wa jeshi la Hitla kuliko jeshi lingine lolote, na ndilo lililoingia Riga Oktoba 1944 likawatoa Wajerumani halafu likarudisha utawala ambao Walatvia walikuwa hawajauomba, na wanajeshi wa mwisho waliondoka Agosti 1994. Kwa Myahudi aliyejificha Riga, siku ile lile jeshi lilikuwa uhai. Kwa familia ya shemeji yako ilikuwa ni mwanzo wa hofu nyingine. Kuna watu siku ileile walifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Babu yako keya umemtaja kwa kupita tu lakini nadhani yeye anakusaidia kuliko hao wote wanaokuvuta kwa ngozi. Alipigana na adui wa kweli, Bama, na walioshinda kwa mgongo wake wakaendelea kukaa kwenye kiti cha kututawala miaka mingine. Je ushindi ule ulikuwa uongo? Na kutawaliwa kule kulikuwa uongo? Mtoto ana damu ya keya huyo, mwambie habari zake, ana haki ya kubeba picha mbili.

Sasa nikuulize kitu kuhusu hiyo fahari unayosema unaionea wivu na kuiogopa. Unaiongelea kama kitu kimoja, mimi naona zimeshonwa pamoja nguo mbili. Kuna msiba wa nyumbani, na kuna sherehe ya serikali. Hazikuanza siku moja. Baada ya vita Stalin aliifanya Mei 9 mapumziko miaka michache tu, kuanzia 1948 ikawa siku ya kazi kama nyingine, ikarudi kuwa sikukuu kubwa 1965 enzi za Brezhnev. Pale Petersburg kulikuwa na jumba la makumbusho la kuzingirwa kwa mji, Stalin akalifungia 1949, halikurudi mpaka 1989. Miaka arobaini watu kama bibi walikuwa wanakumbuka jikoni tu. Hata idadi ya waliokufa serikali ilikuwa inaitoa kidogokidogo, Stalin alisema milioni 7, Khrushchev akasema 20, ile ya 27 imekuja kukubaliwa enzi za Gorbachev. Hayo maandamano ya kubeba picha nayo yalianzishwa Tomsk mwaka 2012 na waandishi wa habari wa pale, kila mtu abebe wa kwao, bila bendera za vyama, na baada ya miaka mitatu tu rais Putin mwenyewe alikuwa mbele Moscow na picha ya baba yake. Na yeye usimfanye kikaragosi, kaka yake alikufa mtoto mdogo Leningrad wakati huohuo mji umezingirwa. Lakini ukishaelewa hivo utaona kwanini baba mkwe aliposikia mlikaa miaka hamsini alijiona mama yake ndio anatukanwa. Kwake hizo nguo hazijawahi kutenganishwa. Na wifi nae aliposikia ukombozi alisikia mabehewa.

Kitu kingine, hilo neno "sisi". Sisi tulikomboa, nyinyi mliteka. Nani huyo sisi? Wale milioni 27 hawakuwa Warusi watupu, walikuwemo Waukraine mamilioni, Wabelarusi, Wakazaki, Wayahudi, Wageorgia, na Walatvia walikuwemo kwenye hilo jeshi la Kisovieti. Wale wazee wangu wa Kharkiv wenye medali walikuwa Waukraine. Ukimwona mtu yeyote anauchukua ushindi wote peke yake ana haki ya kuulizwa maswali.

Na wifi pia, kwa upole, ana ya kuulizwa. Riga haina kumbukumbu za kuteswa tu. Nje kidogo ya mji kuna msitu wa Rumbula, mwishoni mwa 1941 Manazi waliwapiga risasi Wayahudi kama elfu 25 kwa siku mbili, na polisi Walatvia walisaidia kuwasindikiza. Kuna Walatvia waliovaa sare ya SS, kikosi cha Hitla, wengi kwa kulazimishwa kujiunga, sio wote, na kila Machi 16 kuna watu bado wanawaenzi na Warusi wakiona hivo damu inachemka. Simwambii hayo ili ngoma iwe droo, kubebwa kwa bibi yule hakupungui hata chembe. Ila kama ana nia ya kumfundisha mwanae historia, hii nayo ni historia ya mji anaoishi.

Tuje kwenye hotuba. Una njia kama tatu na hakuna iliyo salama kabisa.

Kumtoa. Unaweza kusema anaumwa, mzazi gani hajawahi. Lakini bibi atajua, mtoto atajua, na atajifunza kwamba hilo swali lake lilikuwa kosa. Kumwacha aisome kama ilivyo pia sio dhambi, wenzie wote wanasoma, maneno yenyewe si ya uongo ila ni nusu. Hatari yake ni kwamba binamu ataisikia na mwanao atapoteza rafiki.

Ya tatu ndio ningeifikiria zaidi mimi, lakini wewe ndie uko pale. Mwalimu akikubali, hotuba ihame kutoka Ulaya ije nyumbani. Aongee habari za bibi. Mdogo wake bibi, zile gramu 125, mama yake, baba yake asiyerudi. Akae na bibi jioni kadhaa amuulize, tena sio unajivunia nini, amuulize ulikuwa unakula nini, ulilala wapi, nani alikushika mkono. Hayo hakuna Mlatvia atakayeyakataa na hakuna mwalimu Mrusi atakayeyakataa. Shida yake? Baba mkwe anaweza kuona ushindi umekatwa, mbona kilio tupu. Na wewe moyoni unaweza kuona umekwepa. Yapime yote mawili.

Kuna jambo nalisema kwa ukali kidogo. Usimtume mtoto kwenda kusahihisha historia darasani, na usiandike haya kwenye grupu la wazazi wala popote kwa jina lako. Sheria ya jinai ya huko ina kifungu 354.1 toka mwaka 2014 kinachoitwa kuurejesha unazi, mwaka 2021 wakaongeza adhabu mpaka miaka mitano kwa kudhalilisha kumbukumbu ya wazee wa vita, na mwaka huohuo ikawa marufuku kulinganisha hadharani malengo na vitendo vya uongozi wa Kisovieti na vya Ujerumani ya Hitla, ukivunja ni faini au ndani mpaka siku 15. Shirika la Memorial lililokuwa linakusanya majina ya waliobebwa na Stalin, mahakama iliamuru lifungwe Desemba 2021. Wewe ni mgeni, sijui una pasi gani mkononi. Jikoni kwako ongea, hapo ndipo pa kumfundishia. Lakini mtoto umfundishe pia kwamba kuna maneno ya jikoni, na najua hilo linauma maana ni kumfundisha woga. Wazazi wa kisovieti waliwafundisha watoto wao hivohivo, mwambie mume wako amuulize bibi yake.

Mume wako. Akisema kaa upande wetu, jaribu kumuuliza anamaanisha upande wa nani, wa bibi, wa baba yake, au wa televisheni? Sio kwa kumtega. Inawezekana kabisa na yeye hajui, na dada yake ni damu yake, kwahiyo nadhani anaumia kuliko anavyoonyesha. Unaweza pia kumkumbusha kwamba ule mkataba wa 1939 na karatasi yake ya siri sio propaganda ya Ulaya, bunge la Kisovieti lenyewe liliulaani Desemba 1989, wazazi wake wakiwa watu wazima wanaangalia kwenye runinga. Kama anafanya kazi serikalini mambo yake ni magumu zaidi, hukuniambia, lifikirie.

Kuhusu wifi umeuliza uingilie au ukae kama mgeni. Miaka yote hiyo na mtoto juu, sidhani kama ugeni bado unakufaa, umekuwa kajumba ka kujifichia. Ila kuingilia sio lazima kuwe kupatanisha baba na binti, hiyo huenda haiwezekani mpaka vita hii ya sasa iishe, pengine hata baada ya hapo. Baba mkwe hajaniandikia na hatabadilika kwa barua yangu. Lakini bibi anadanganywa kila wiki kwamba mtandao mbovu, mwanamke wa miaka 90 aliyefiwa na wote utotoni, na hilo liko ndani ya uwezo wako. Mpigie wifi, wewe na bibi peke yenu, siku baba mkwe hayupo. Usimwambie wifi asamehe, wala usimjibu lile la Mwafrika unajua kutawaliwa, au ukitaka kumjibu mwambie ndio najua, na ndio maana sitaki mtu yeyote anitumie. Mwambie tu bibi anakuuliza. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali halafu katikati ya maongezi likaibuka lilelile, jiandae, maana bibi mwenyewe hujui ana maoni gani, unamfanya malaika kwa kuwa amekulelea mtoto, kumbe anaweza kumwambia wifi maneno makali kuliko ya baba mkwe.

Na hao watoto wanaocheza gemu, waache wacheze. Wakianza kubishana vita tena usikimbilie kuzima. Kaa karibu usikilize wanasemaje, halafu niandikie unieleze, pamoja na mwalimu alivyojibu kuhusu hotuba.